Utangulizi: Simu ya Mzee na Wanaoishika

Wengi wanaoingia katika utafiti wa wazee na mitandao ya kijamii huja na swali moja: je, wazee wanaiweza? Ningeomba tuliweke kando. Katika miji yetu ya pwani, bibi wa miaka 70 kwa kawaida yumo katika kundi la WhatsApp la ukoo, la msikiti au kanisa, na la chama cha kufa na kuzikana. Linalofaa kuulizwa ni anaishi vipi humo, na nani yuko pembeni yake.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na Katiba ya Kenya ya 2010 inakaribia hapohapo: aliyezidi miaka 60. Kwa mpango wa serikali mpaka huo unatosha. Kwetu hautoshi, maana unamweka mwalimu aliyestaafu juzi safu moja na mama wa miaka 85 ambaye hakupata kwenda shule.

Mama huyo, hata hivyo, ana sauti. Tangu WhatsApp ilipoleta ujumbe wa sauti mwaka 2013, asiyeandika amepata nafasi yake. Sikiliza ujumbe wa mzee wa Unguja kwenda kwa dada yake aliyeko Muscat. Ataanza kwa salamu, atamtaja kila mtoto wa nyumba, atauliza habari ya presha na mguu, atanyamaza kidogo adhana ikisikika, ndipo aje kwenye shida yenyewe. Vijana huona ni mrefu mno. Mimi naona humo mna adabu nzima ya mazungumzo, na ni hazina ambayo bado hatujaichimba.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hojaji zetu. Tukimuuliza mzee kama anatumia intaneti, hujibu kwamba hayo ni mambo ya wajukuu, kumbe jana alitazama mazishi ya ndugu yake moja kwa moja kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika. Mjukuu ndiye aliyejiunga bando, akafuta picha memori ilipojaa, akamsomea na rambirambi. Mjukuu huyohuyo sasa anajua madeni ya babu, maradhi yake na ugomvi wake na shemeji. Msaada na siri vimo katika mkono mmoja, na takwimu ya mtumiaji mmoja mmoja haiwezi kuliona hilo. Charlotte Hawkins, aliyefanya utafiti Kampala katika mradi mkubwa ulioongozwa na Daniel Miller wa chuo cha UCL, London, aliutazama kwa karibu upande wa msaada: simu pamoja na pesa za simu kama njia ya kuwatunza wazee walio mbali.

Kuhusu uzushi, msomaji atakutana mapema na utafiti wa Guess, Nagler na Tucker wa 2019. Katika uchaguzi wa Marekani wa 2016, watumiaji wa Facebook waliozidi miaka 65 walisambaza viungo vya tovuti za habari za uongo karibu mara saba ya kundi la vijana zaidi. Takwimu hiyo hunukuliwa sana. Isiyonukuliwa ni kwamba karibu wazee 9 kati ya 10 katika utafiti huohuo hawakusambaza hata kimoja.

Kwetu kuna tatizo lake tena. Baba mkubwa akituma alfajiri dawa ya majani inayodaiwa kuponya kisukari, ametuma kwa mapenzi. Nani atamkosoa mbele ya ukoo mzima? Wengine humfuata pembeni, wengine humtuma shangazi, wengi hunyamaza. Namna heshima inavyoamua kipi kisahihishwe na kipi kiachwe kipite, hilo halitapatikana katika takwimu za Marekani.

Basi karibu. Anza na simu moja, kwa idhini ya mwenyewe, na uulize nani huichaji, nani hulipia bando, nani anajua namba ya siri.