Bodi ya Mita Chini ya Ngazi

Je, wajua kwamba kwenye jumba la fleti, kifaa cha stima chenye kazi nzito kuliko vyote hakimo ndani ya fleti yoyote? Kiko chini, kando ya ngazi, ndani ya sanduku la bati au juu ya ubao ambao wapangaji huupita kila siku na mizigo yao ya sokoni. Hapo ndipo huingia kebo inayotoka kwenye transfoma, na hapo ndipo mita zimepangwa safu, kila moja na namba ya mlango wake. Hiyo ndiyo bodi ya mita. Kila mtu humo jumbani anaitegemea, na ni nadra kumpata anayeiangalia.

Kwenye majumba ya Liwatoni, upande wa Kilindini wa kisiwa cha Mombasa, hatari ya kwanza ya bodi hiyo ni bahari. Upepo unaotoka majini hubeba chumvi, na chumvi hufyonza unyevu wa hewa hadi utando mwembamba ukatanda juu ya kila chuma. Kebo nyingi za kuleta stima kwenye majumba ni za alumini, ilhali ndani ya bodi mna shaba. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa baina yao, na alumini ndiyo huliwa. Kwa sababu hiyo kuna viungio maalumu vya kuunganisha alumini na shaba. Fundi anayezisokota pamoja kwa mkono tu, kisha akazungushia utepe, ameacha hatari nyuma yake.

Kiungo kilicholika huendelea kupitisha stima, na hapo ndipo ubaya ulipo, maana kingekata kabisa watu wangelalamika na kingetengenezwa siku hiyo hiyo. Chukua kiungo chenye ukinzani wa ohmu 0.05, kiasi kisichoonekana kwa macho. Saa ya magharibi pasi, majiko na hita za maji zikiwashwa, kiungo hicho kikapitisha ampea 40, hutoa wati 80 za joto. Joto hilo linazidi la vyuma vingi vya kuyeyushia risasi wanavyotumia mafundi wa simu, nalo limefungiwa ndani ya sanduku, karibu na plastiki za waya. Ampea zikiwa maradufu, joto huwa mara nne. Fyuzi nayo haikati, kwa kuwa kazi yake ni kupima wingi wa stima inayopita, na wingi huo ni wa kawaida.

Kuna hitilafu nyingine mbaya zaidi. Kebo inayoingia kwenye jumba kubwa huwa na waya nne: fezi tatu zinazoleta stima na nyutro moja ya kuirudisha. Kati ya fezi yoyote na nyutro pana volti 240, na kati ya fezi na fezi pana volti 415. Fleti hugawiwa fezi hizo, na ndiyo maana fezi moja ikipotea, baadhi ya milango hubaki gizani huku jirani akitazama taarifa ya habari. Nyutro ni ya wote. Ikikatika pale chini, fleti mbili za fezi tofauti hujikuta zimeunganishwa kwa mfuatano, zikigawana volti 415 kwa kadiri ya vifaa vilivyowashwa. Tuseme fleti ya chini ina pasi ya wati 1,000, na ya juu ina taa na redio za wati 100 kwa jumla. Pasi itapata takriban volti 38 na haitapiga nguo. Taa na redio za juu zitapata takriban volti 377, na zitaungua. Mwenye redio hakufanya kosa lolote, wala mwenye pasi. Kosa liko kwenye skrubu moja chini ya ngazi.

Stima si mgeni kisiwani Mombasa. Mwaka 1875 Sultani Seyyid Barghash wa Zanzibar alipata jenereta ya kuangazia kasri lake na njia za karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua, na ikaundwa kampuni ya kuuzia kisiwa umeme. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ya Nairobi, na kutoka hapo ndipo ilipokuja kuzaliwa Kenya Power ya leo.

Basi bodi ni ya nani? Mpaka uko kwenye mita. Laini ya nje, transfoma, kebo inayoingia na mita yenyewe pamoja na lakiri yake ni mali ya Kenya Power. Kinachoanzia upande wa pili wa mita ni cha mteja. Lakini mpangaji hawezi kufukua ukuta wa ngazi, kwa hiyo waya zinazopanda kutoka mita hadi mlangoni, pamoja na sanduku na kufuli yake, kwa kawaida ni jukumu la mwenye jumba. Vivyo hivyo mita ya pamoja, ile ya taa za ngazi na pampu ya maji: tokeni zake zikiisha usiku, matangi ya juu hayajai. Pale ambapo fleti zimeuzwa mojamoja, Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 huwakusanya wamiliki katika shirika moja lenye wajibu wa kutunza sehemu za pamoja, na kila mmiliki huchangia.

Nisichokubaliana nacho ni desturi ya wapangaji kuchangishana na kumwita kijana wa mtaani aje afungue lakiri. Kuchezea mita ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, na huko ndani mna volti 415. Kazi ya upande wa mteja ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, na anayepaswa kumlipa ni mwenye jumba.

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua karibu na ngazi, au taa zako ziking'aa kupita kiasi kila jirani anapowasha pasi, zima swichi kuu ya fleti yako, gonga milango ya majirani nao wazime, kisha piga 97771, namba ya dharura ya Kenya Power. Halafu mwandikie mwenye jumba, uweke tarehe, na ubaki na nakala.