Barafu kwenye joto la Rumonge

Mwambie mvuvi wa Rumonge kwamba barafu inaweza kuzima injini ya ndege juu ya Ziwa Tanganyika, atakucheka. Barafu anayoijua yeye ni ya kuhifadhia samaki aina ya mukeke katika safari ya Bujumbura. Lakini marubani wa ndege ndogo wanaifahamu hiyo nyingine, nayo huwavizia wakati mbaya kuliko wote, wanapokaribia kutua.

Rubani akiteremka hupunguza nguvu ya injini. Kwenye injini yenye kabureta, hewa inapenya mahali palipobanwa, petroli inageuka mvuke, na joto la humo ndani linaweza kushuka zaidi ya nyuzi 20. Hewa ya mwambao imejaa unyevu. Unyevu unaganda, njia inaziba, hata kama nje watu wanatokwa na jasho. Hakuna mlipuko wala moshi. Injini inachoka tu, na pangaboi linazunguka bila kuvuta. Kinga ni kitasa kidogo cha kupeleka hewa ya moto kwenye kabureta, nacho kivutwe mapema. Injini ikishapoa, joto la kuyeyusha barafu litoke wapi?

Kinachobaki hapo ni hesabu. Cessna 172 iliyozimika mita 150 juu ya maji itakwenda kilomita moja na kidogo, kwa sekunde kama 40. Bujumbura, ndege zinazotua zikitokea kusini hupita juu ya ziwa. Huku Rumonge milima inaikaribia barabara, na tambarare zimejaa michikichi. Penye nafasi ni majini. Mwaka 1916 Wabelgiji waliruka kutoka upande wa Kongo kwenda kupiga mabomu Kigoma, lakini ndege zao zilikuwa na maboya chini. Za leo zina magurudumu, ambayo yakigusa maji huweza kuipindua ndege. Tena ziwa likitulia kama kioo, rubani hawezi kukisia amebakiza mita ngapi.

Kunusurika kishindo si mwisho wa hatari. Novemba 23, 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikiwa karibu na Ngazija, injini zote mbili zikazima, ikaangukia baharini jirani na hoteli ya Galawa. Kati ya watu 175, walikufa 125. Baadhi yao walikuwa wamejaza upepo majaketi ya kuokolea maisha wangali ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi darini wakashindwa kutoka. Jaketi hujazwa ukishavuka mlango. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko vipeperushi vyote vya kwenye viti.

Waliofika kwanza kuwaokoa walionusurika walikuwa wenye boti. Bukoba nako, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, wavuvi ndio waliowahi. Watu 19 walikufa, 24 wakapona.

Rumonge nayo ina wavuvi, na wanayajua maji yake kuliko ofisi yoyote. Ila nchi za ziwa zilikubaliana kupumzisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, na kwa ajili ya samaki huo ni uamuzi mzuri, lakini miezi hiyo majini hakuna boti za kuwahi. Basi mamlaka iliyofunga ziwa ingewalipa wavuvi wachache wakeshe na boti zao, zenye mafuta na kamba, hadi msimu ufunguliwe.