Kabla ya kujenga mfano wa boma la Wasirikwa

Nilipokuwa Kapseret, nje kidogo ya Eldoret, kila aliyesikia natoka pwani aliniuliza jambo moja: ninyi mna Gede na Fort Jesus, sisi tuwaonyeshe wageni nini? Kijana mmoja alikuwa na jibu lake tayari. Ujengwe mfano wa boma la Wasirikwa karibu na uwanja wa ndege, mgeni akishuka aanzie hapo.

Wazo si baya. Wasirikwa ni jina ambalo masimulizi ya Wakalenjin yanawapa wafugaji wa zamani wa nyanda za juu za Bonde la Ufa, walioishi huko kabla ya karne ya 19. Waliacha mashimo ya mviringo yenye upana wa mita 10 hadi 20, yaliyochimbwa kwenye miteremko. Uasin Gishu, penye mawe tele, mengi yalizungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa tu, bila chokaa. Kwetu sisi tuliozoea matumbawe na chokaa, ukuta wa namna hiyo kusimama ni ajabu.

Lakini mfano uonyeshe nini hasa? Mary Leakey alipochimba Hyrax Hill, Nakuru, mwaka 1937, mashimo kama haya yalidhaniwa kuwa makazi ya watu. Ni uchunguzi wa John Sutton, miaka ya 1960, ulioonyesha kwamba ni mazizi. Ng'ombe walilala shimoni, watu wakalala kwenye kibanda cha pembeni ambacho mlango wake ulipitia humo humo zizini. Lango lilikuwa upande wa chini wa mteremko, na samadi na tope vilitolewa hapo mpaka vikawa kilima kidogo nje. Mfano ungejengwa mwaka 1938, leo wanafunzi wangekuwa wanaonyeshwa sebule mahali palipolala ng'ombe.

Hayo yamewapata wengine. Kule Maryhill, jimbo la Washington nchini Marekani, tajiri Sam Hill alijenga kwa zege mfano wa Stonehenge, ile duara ya mawe ya Uingereza. Kazi ilianza 1918 ikamalizika 1929. Alikuwa ameambiwa kwamba mahali pale watu walitolewa kafara, akaufanya mfano wake kuwa ukumbusho wa askari waliokufa vitani. Wataalamu wameliacha wazo hilo la kafara. Zege lipo bado.

Linalonitia hofu zaidi ni mawe yenyewe. Mashamba yanagawanywa, trekta zinalima, na jiwe lisiloshikwa na chokaa halihitaji hata nyundo kuling'oa. Fundi anayetaka mfano wake uonekane wa kale atayatafuta wapi mawe yaliyochakaa? Sisi wa pwani tumeshaona magofu yakiliwa jiwe kwa jiwe kujengea nyumba za jirani.

Nilimwambia kijana yule: tafuteni kwanza shimo la kweli, mliwekee ua, lipimwe, Makumbusho ya Taifa wajulishwe. Kisha mjenge mfano pembeni kwa mawe mapya ya timbo, na kibanda chake, na kile kilima cha samadi.

Hapo kwenye samadi akacheka. Akasema hakuna mgeni atakayelipa kiingilio kwa hiyo.