Shiira: Nyota iliyoabudiwa na kipimo chake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika Suratun-Najm, aya ya 49, Mwenyezi Mungu anatujulisha kuwa Yeye ndiye Mola wa Shiira, nyota ing'aayo kuliko nyota zote za usiku. Wafasiri, akiwemo Ibn Kathir, wanaeleza kuwa lilikuwapo kundi la Waarabu wa zama za ujinga lililoiabudu. Leo ni nadra kumwona mtu akiisujudia Shiira. Hata hivyo, wapo miongoni mwetu wanaotoa fedha ili "wasafishiwe nyota", na wapo wasiooa wala kufungua biashara mpaka watazamiwe. Kwa hiyo yafaa tuulize: nyota yenyewe ni kitu gani?

Mwaka 1956, Robert Hanbury Brown na Richard Twiss walitangaza kuwa wameupima upana wa Shiira. Kazi hiyo waliifanya Jodrell Bank, Uingereza, kwa vioo viwili vya taa za jeshi za kumulikia ndege usiku, kila kimoja kikiwa na upana wa kama mita moja na nusu.

Njia yao ilikuwa hii. Nyota iko mbali mno, hata katika darubini huonekana kama nukta, tena nukta inayotikiswa na hewa. Wao hawakutafuta picha. Walielekeza vioo vyote viwili kwenye nyota ile ile, na mbele ya kila kioo wakaweka chombo cha umeme kinachohisi nuru. Nuru hutufikia kwa chembe ziitwazo fotoni, nazo haziji kwa mfululizo ulio sawa, bali huzidi na kupungua kwa kasi kubwa mno. Vioo vikiwa karibu, kuzidi na kupungua huko huafikiana kidogo baina ya kimoja na mwenzake. Vikitenganishwa, muafaka hupungua hata ukatoweka. Kadiri nyota ilivyo pana machoni petu, ndivyo muafaka unavyotoweka mapema. Basi umbali baina ya vioo ndio unaofichua upana wa nyota.

Digrii moja ikigawanywa mara 3,600, kisha kila kipande kikagawanywa tena mara elfu, upana wa Shiira ni kati ya vipande sita na saba tu.

Wanafizikia wengi walikanusha, na wengine wakafanya majaribio ya kupinga. Baadaye ikabainika kuwa majaribio hayo hayakuwa na uwezo wa kuiona athari hiyo. Huko Narrabri, Australia, kikajengwa chombo chenye vioo vya mita 6.5 vinavyotembea juu ya reli ya mviringo, na hadi katikati ya miaka ya 1970 nyota 32 zilikuwa zimepimwa.

Baada ya hapo njia hii ilikaa kimya kwa miongo mingi, ikaja kufufuliwa na watafiti wa miale ya gama, miale yenye nguvu kubwa kupita kiasi. Darubini zao nne ziitwazo VERITAS, zilizoko Arizona, Marekani, zina vioo vya mita 12. Kazi yao ya kawaida huzuiwa na mwanga mkali wa mwezi. Mnamo Desemba 2019 watafiti wakazitumia nyakati za mbalamwezi kupima nyota mbili, Mirzam na Alnilam. Majina yote mawili asili yake ni Kiarabu; la pili linatokana na neno nidham, yaani uzi wa lulu. Upana wa kila moja ulikuwa zaidi kidogo ya nusu ya kipande kimoja kati ya vile tulivyovitaja.

Ndugu Waislamu, Suratul-Qamar, pia katika aya ya 49, inatufundisha kuwa kila kitu kimeumbwa kwa kipimo. Shiira ina mwanzo na mwisho wa upana wake; ni kiumbe kama sisi. Haijui jina la mtu, haifungi riziki wala haifungui. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua likapatwa, na watu wakayahusisha mambo hayo mawili. Mtume akawakataza, akabainisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake.

Kuzijua nyota kwa ajili ya kibla, safari za baharini na elimu si haramu. Kilichokatazwa ni kuziuliza mambo ya ghaibu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa mwenye kumwendea mtabiri na kumuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Basi mwenye fedha za kusafishiwa nyota na azitoe sadaka, aswali rakaa mbili za istikhara, na amwombe Mola wa Shiira.

Wabillahi tawfiq.