Kutoka Kanisa hadi Kifungo: Mabadiliko ya Umbo na Maana ya Neno *Gereza*

Maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kireno kwa kawaida huorodheshwa tu: *meza*, *bendera*, *leso*, *mvinyo*, *turufu*. Orodha huonyesha kilichokopwa, lakini haielezi namna mkopo ulivyopokewa. Neno *gereza*, linalotokana na *igreja*, yaani kanisa, linastahili ufafanuzi wa kina zaidi.

Kifonolojia, mabadiliko yake yanatabirika. Irabu ya mwanzo imedondoshwa. Mfuatano *gr*, usio wa kawaida katika silabi za Kiswahili, umetenganishwa kwa irabu *e*, inayofanana na ile inayofuata. Kikwamizi cha Kireno kinachoandikwa *j*, ambacho hakimo katika mfumo wa sauti za Kiswahili, kimekuwa *z*. Uchopekaji wa namna hiyohiyo ndio uliozaa *turufu* kutokana na *trunfo*.

Ugumu uko katika maana. Nyumba ya ibada ya Wakristo huitwa *kanisa*, neno lenye asili ya Kiarabu. *Gereza* halikushika maana ya ibada, bali ya jengo la mawe lenye kuta nene. Kilwa Kisiwani, ambako Wareno walijenga ngome mwaka 1505, ngome iliyojengwa upya chini ya Waomani ingali inaitwa Gereza. Jina hilo linahifadhi maana ya kati, yaani ngome, ambayo imefifia katika matumizi ya leo.

Je, kifungo kiliingiaje? Anayeitazama Mombasa pekee anaweza kudhani kuwa maana hiyo ililetwa na Waingereza, kwa kuwa waliifanya Ngome ya Yesu kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Ushahidi wa Unguja unapinga dhana hiyo. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na katika karne ya 19 ilitumika kufungia watu. Hapo, kanisa, ngome na kifungo vilifuatana katika kiwanja kimoja.

Kwa hiyo, maana haikuruka kutoka ibada hadi adhabu. Ilihama hatua kwa hatua, kadiri matumizi ya majengo yalivyobadilika. Mtafiti wa etimolojia anayeishia kwenye neno chanzi atapata asili ya *gereza*, lakini ataikosa historia yake.