Mteremko wa Kwenda, Mlima wa Kurudi

Anayetoka Arua, katika eneo la West Nile nchini Uganda, kwa baiskeli kwenda Koboko, akapita Yumbe na Moyo mpaka kivuko cha Laropi kwenye Mto Nile, kwa hesabu ya jumla anateremka. Arua iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, karibu na mgongo wa ardhi unaotenga maji ya Nile na maji ya Kongo; Laropi iko mita 600 na kidogo. Mteremko huo hauonekani kwa macho, kwa sababu njia inapanda vilima na kushuka kutwa nzima, na mtu aliye juu ya baiskeli hukumbuka vilima alivyopanda tu. Siku ya kwanza miguu bado mipya, lami ya barabara ya Vurra hadi Oraba, inayopita Arua na Koboko, inateleza vizuri, ardhi yenyewe inamsukuma kidogo kidogo, naye anadhani nguvu zote ni zake. Wakati wa kurudi zile mita 600 zinamsubiri, juu ya vilima vilevile. Ndiyo maana nasema kwamba katika safari ya baiskeli ya siku kadhaa, mwendo unaotaka kuchungwa zaidi ya wa mlimani ni ule wa asubuhi ya kwanza, tena kwenye tambarare, mahali ambapo hakuna anayejihurumia.

Ushahidi wa kwanza ni wa hesabu. Mlimani kazi kubwa ni kuinua uzito, na uzito haubadiliki kwa kuharakisha. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 85, kupanda mita 500 ni kazi ileile ifanywe kwa saa moja au kwa mbili. Kwenye tambarare adui ni upepo, na upepo unatoza kwa ukali: ukitoka mwendo wa kilomita 20 kwa saa ukaenda 25, nguvu ya kuupasua inakaribia mara mbili. Kwa kilomita 40 umeokoa dakika 24, muda wa kunywa chai na kukaza boliti. Ushahidi wa pili uko ndani ya misuli. Mwili huweka akiba ya wanga, iitwayo glikojeni, na akiba hiyo ni ndogo. Kwa juhudi kali huisha ndani ya saa mbili hivi. Anayekwenda kwa mwendo wa kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema huchoma mafuta kwa sehemu kubwa, na mafuta hata mtu mwembamba anayo ya siku nyingi. Anayehema huchota kwenye wanga. Kuijaza tena akiba iliyokauka huchukua karibu siku nzima ya kula vizuri, na usiku mmoja wa ugali wa enyasa na maharage hautoshi, hata sahani ikirudiwa. Kwa hiyo pupa ya siku ya kwanza haidai siku ya kwanza. Hudai siku ya tatu, na mdaiwa kwa kawaida hulaumu kilima.

Ukiwatazama wachukuzi wa baiskeli za mizigo Koboko na gombolola zake za mpakani kama Kuluba, utaona elimu hii ikitumika bila kuitwa elimu. Baiskeli zao hazina gia za kubadilisha. Mwenye magunia ya makaa au ya mihogo nyuma hashindani na kilima. Hushuka mapema, pumzi ingali yake, akaisukuma mpaka juu. Wenye baiskeli za kisasa za mlimani, zenye gia tele, ndio wanaoona haya kusukuma, na gia nyepesi wanaiweka kama dawa ya mwisho badala ya kuishika tangu chini ya mlima.

Kuna pingamizi la jua, nalo ni la kweli. Kati ya Desemba na Machi joto la West Nile halina mzaha, na mtu atauliza kwa nini asikimbie asubuhi apate kupumzika mchana. Jibu ni kwamba kuondoka mapema na kukimbia ni mambo mawili. Toka saa kumi na mbili, kabla jua halijapanda, kwa mwendo uleule. Misuli inayofanya kazi kwa nguvu hutengeneza joto lake yenyewe, kwa hiyo anayekimbia jua kwa pupa huubeba moto ndani. Wengine wanahofia kuingiliwa na giza njiani. Hao dawa yao ni kufupisha safari ya siku, kwa sababu kuongeza kasi kutawafikisha leo tu.

Pingamizi lililo gumu zaidi linatoka Kigali. Tarehe 28 Septemba 2025, katika mbio za barabarani za ubingwa wa dunia za wanaume, kilomita 267.5 zenye jumla ya mita 5,475 za kupanda, Tadej Pogačar alichomoka zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akashinda. Je, hilo halivunji hoja yote? Halivunji, kwa sababu siku ile haikuwa na kesho. Waliomaliza walikuwa 30 tu, na walioacha hawakudaiwa kitu asubuhi iliyofuata. Katika mashindano ya siku nyingi, kama Tour du Rwanda, tazama mkia: wasio hodari wa milima hujikusanya nyuma, wakapiga hesabu ya muda wa mwisho unaoruhusiwa, wakafika ndani yake bila kuongeza juhudi isiyohitajika. Hawaonyeshwi sana kwenye televisheni, ila msafiri wa kawaida ana mengi zaidi ya kujifunza kwao kuliko kwa bingwa.

Wala sisemi mwendo uwe wa kobe kila mahali. Penye kupanda ongeza kidogo, maana huko upepo ni mdogo na juhudi yako inageuka kuwa muda. Penye kuteremka acha pedali, kula, kunywa. Njaa ikishasikika umechelewa, hivyo ndizi, karanga na simsim viwe mfukoni, viliwe kila nusu saa hata kama tumbo halijauliza. Ukifika Laropi lala mapema, kwa sababu njia ya kurudi Moyo inaanza na kupanda, kabla miguu haijapata joto.