Land Rover ya Zamani Ikatiwe Bima ya Shilingi Ngapi?

Rwamgasa, katika machimbo ya dhahabu ya Geita, gari lenye miaka thelathini au arobaini bado linafanya kazi. Linabeba pampu za maji, magogo ya kushikilia kuta za maduara (mashimo ya uchimbaji), vipuri vya makarasha ya kusagia mawe na watu juu yake, katika barabara ambazo gari dogo likipita masika linabaki humo. Land Rover 110 ilianza kuundwa 1983. Mwaka uliofuata ikaja Land Cruiser ya 70 Series, ile tunayoiita mkonga kwa ajili ya bomba lake la kuvutia hewa. Toyota bado inaendelea na yake, lakini Land Rover ya muundo ule wa zamani iliacha kuundwa Januari 2016. Zilizobaki haziongezeki, na iliyotunzwa vizuri haishuki bei kila mwaka kama magari mengine. Hapo ndipo mwenye gari anapopata shida siku anapokata bima kubwa, ile inayofidia gari lake mwenyewe, na wakala akamuuliza gari lina thamani gani.

Wengi hujibu kwa kutaja bei waliyonunulia, hata kama ni ya miaka kumi nyuma. Wengine huchukua thamani ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) iliitumia kukadiria kodi, na wapo wanaotaja kiasi kidogo makusudi ili mchango wa bima upungue. Majibu yote matatu yana kasoro moja: hayaelezi mwenye gari atahitaji fedha kiasi gani kupata lingine la hali ileile na kulifikisha Rwamgasa. Hicho ndicho kiasi kinachostahili kuandikwa kwenye mkataba. Bei ya Uingereza au Japani nayo haitoshi peke yake, kwa sababu juu yake kuna usafiri hadi Dar es Salaam, ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa gari la abiria lililopita miaka 10, VAT ya asilimia 18, na safari ya kulileta Kanda ya Ziwa. Anayeona tangazo la bei nafuu ng'ambo akadhani hiyo ndiyo thamani ya gari lake amesahau zaidi ya nusu ya hesabu.

Tuchukue mfano. Gari lina thamani halisi ya shilingi milioni 30, mwenyewe analiandikisha kwa milioni 18. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, atalipa 630,000 badala ya 1,050,000 kwa mwaka, kabla ya kodi. Ameokoa 420,000. Likipinduka na matengenezo yakafika milioni 10, kampuni yenye sharti la uwiano itasema gari lilikatiwa bima kwa asilimia 60 tu ya thamani yake, kwa hiyo italipa milioni 6. Milioni 4 zitatoka mfukoni mwake, yaani akiba ya zaidi ya miaka tisa imeondoka kwa ajali moja. Likiungua lote, pengo ni milioni 12. Sharti hili huwa limeandikwa ndani ya mkataba, katika kurasa ambazo wateja wengi hawazifungui.

Basi kwa nini mtu asiandikishe milioni 50 akawa salama? Kwa sababu bima hufidia hasara, haigawi faida. Gari la milioni 30 likipotea, mkataba wa kawaida hulipa thamani ya soko ya siku ile hata kama kwenye karatasi imeandikwa 50, na zile 700,000 za ziada alizolipa kila mwaka harudishiwi. Njia nzuri kwa gari la aina hii ni thamani ya makubaliano: pande mbili zinakubaliana kiasi mapema, kwa maandishi, gari likiwa bado zima. Ni kama ilivyo kwa dhahabu: kabla soko lake halijafunguliwa Geita, Machi 2019, mchimbaji mdogo mara nyingi alipokea bei ya mnunuzi aliyekutana naye. Sokoni mzigo hupimwa uzito na usafi mbele yake, ndipo bei inatajwa. Gari la zamani nalo linahitaji kupimwa hivyo kabla ya tukio, kwa maana baada ya moto kilichobaki hakina cha kuthibitisha.

Kupima huko kuna kazi. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo rangi mpya inaweza kumdanganya mtazamaji. Chesesi ni ya chuma. Fundi anayejua kazi yake hulala chini ya gari na nyundo ndogo, akigonga kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa ukali, kilicholiwa hutoa mlio mzito, na pale penye kiraka cha kuchomelea huchunguza kama kimeshika au kimefunika tu tundu. Kisha injini. Land Rover nyingi nchini zimevalishwa injini za Toyota au Isuzu. Mkusanyaji wa magari ya zamani wa Ulaya angesema thamani imeshuka. Kwa mtu wa Rwamgasa imepanda, maana spea zake hupatikana kirahisi na fundi hahitaji kuagizia kitu mbali. Mimi nakubaliana na huyu wa Rwamgasa, kwa sharti kwamba badiliko hilo limesajiliwa kwenye kadi ya gari na kutajwa kwa kampuni. Likifichwa, kampuni inapata sababu ya kukataa dai zima.

Kuna hoja kwamba kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa magari yaliyozeeka, hivyo mjadala huu hauna maana. Kusita kupo, na kunatokana na kutojua hali ya gari. Taarifa ya mthamini yenye picha na namba ya chesesi huondoa sehemu kubwa ya wasiwasi huo. Kampuni ikikataa bado, iulizwe kama inatoa bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine, yenye nyongeza ya moto na wizi. Pia nakiri kwamba si kila gari kuukuu linastahili gharama hizi: lenye chesesi iliyooza na thamani ya milioni tatu linatoshwa na bima ndogo ambayo sheria inailazimisha.

Kiasi kikishakubaliwa, kiangaliwe upya kila mwaka. Kati ya mwanzo wa 2023 na katikati ya 2024, dola ilipanda kutoka takriban shilingi 2,300 hadi zaidi ya 2,600, na spea zinazoagizwa nje zikapanda nayo. Aliyehuisha mkataba kwa takwimu ya zamani alipunguziwa kinga bila kugusa chochote. Taarifa ya mthamini, risiti za gereji na picha zikae nyumbani, si kwenye dashibodi, na nakala moja iwe kwa wakala. Dai likikwama, hizo ndizo karatasi ambazo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima atataka kuziona.